Mwajiri Aulize Mpaka Lini?

Katiba ya Kenya ina jambo ambalo makanga wengi hawalijui. Ibara ya 99 humzuia kuwa mbunge mtu ambaye, siku ya kujiandikisha kugombea au siku ya kura, anatumikia kifungo cha miezi sita au zaidi. Humzuia pia aliyethibitika kutumia vibaya ofisi ya umma. Lakini mwizi wa kawaida aliyemaliza kifungo chake mwaka juzi hatajwi hapo. Akiweza kujibu maswali ya uadilifu ya Sura ya Sita, uamuzi humwendea mpiga kura. Mtu huyohuyo akitaka kuning'inia mlangoni mwa matatu na kuita abiria, lazima kwanza awe na beji, na ili aipate ataombwa cheti cha tabia njema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI. Huko hakuna mpiga kura wa kumsamehe. Kuna vidole kumi, wino, na karatasi.

Vijana wa Kenya wanaijua karatasi hiyo kuliko wanavyoijua sheria yoyote ya kazi. Tume ya Walimu, TSC, huitaka kabla ya kumsajili mwalimu. Kampuni za ulinzi huitaka. Mawakala wanaopeleka watu kufanya kazi za nyumbani Saudia na Qatar huitaka. Siku hizi hata msichana anayetafutiwa kazi ya kulea mtoto jijini huulizwa kama anayo. Unajaza maombi kwenye eCitizen, unalipa Sh1,050, ada iliyozoeleka kwa miaka mingi, unachapisha fomu ya C24, kisha unakwenda makao makuu ya DCI katika barabara ya Kiambu au Huduma Centre iliyo karibu nawe ili upakwe wino vidoleni. Kwa anayeishi kwa vibarua vya Sh500 kwa siku, hicho ni zaidi ya kipato cha siku mbili, na hajui bado kama ataitwa.

Cheti kinamwambia nini mwajiri? Kwamba alama hizi za vidole zimelinganishwa na kumbukumbu za polisi, na hukumu imeonekana au haikuonekana. Mwajiri alitaka kujua jambo jingine kabisa: je, huyu ataniibia, atampiga mteja, atamgusa mtoto? Kati ya swali lake na jibu analopewa pana pengo, na humo hupotelea watu wa namna mbili, wabaya wasio na rekodi na wema walio nayo.

Tuanze na wa kwanza. TSC imekuwa ikichapisha majina ya walimu iliowafuta kwenye sajili, wengi wao kwa kuwadhulumu wanafunzi kingono. Orodha hizo zipo kwa sababu tume hufanya uchunguzi wake yenyewe. Ukingoja hukumu ya mahakama utangoja sana, maana kesi za namna hiyo mara nyingi huishia sebuleni kwa wazee, mbuzi wakatolewa, mtoto akahamishwa shule. Mwalimu wa aina hiyo anaweza kupakwa wino leo na kesho akarudi na cheti cheupe pe. Mwenye shule ya binafsi anayekiweka kwenye faili na kujiona amemaliza kazi ya kuwalinda watoto amejidanganya. Simu moja kwa mwalimu mkuu wa shule alikotoka mtu huyo ingemwambia mengi zaidi.

Wa pili ndio wengi. Mwaka 2017 Baraza la Taifa la Usimamizi wa Haki lilizindua ukaguzi wa mfumo mzima wa haki ya jinai nchini, na ukaguzi huo ukaonyesha kwamba karibu asilimia 70 ya kesi zinazopita humo ni za makosa madogo: ulevi na fujo, kuuza bila leseni, kuzurura. Ulionyesha pia kwamba maskini ndiye anayekamatwa zaidi, anayeshtakiwa zaidi na anayefungwa zaidi. Hilo halimshangazi yeyote aliyewahi kuona lori la kanjo likishuka sokoni alfajiri.

Na kuna jambo ambalo ripoti haiwezi kulieleza kama linavyoelezwa na waliolala seli. Ukifikishwa mbele ya hakimu Jumatatu asubuhi baada ya kukamatwa Ijumaa, mnong'ono ni uleule: kubali, lipa faini, nenda nyumbani. Ukikataa utapewa dhamana usiyoimudu na utarudi rumande kungoja kesi. Wengi wanakubali kosa wasilolifanya, wanalipa, wanaondoka wakidhani yamekwisha. Ikiwa alama zao za vidole zilichukuliwa, hayajakwisha. Yatawangoja miaka minane mbele, siku watakapopata kazi ya ulinzi.

Niliwahi kukaa kwenye jopo la mahojiano la ofisi moja, tukitafuta karani wa stoo. Mwombaji mmoja alikuwa amewashinda wenzake kwa mbali, ila cheti chake kilionyesha hukumu ya kupigana. Faili lake liliwekwa pembeni, mazungumzo yakaendelea. Siku ile tuliuliza mengi, mpaka mtu anapanda gari gani kuja mjini. Kosa lilitendeka mwaka gani, hakuna aliyeuliza, na mimi nikiwamo.

Nisiwaonee waajiri. Hofu yao ina misingi. Mfanyakazi akimdhuru mteja akiwa kazini, anayeshtakiwa kulipa fidia ni mwenye kampuni. Bima ya uaminifu, ile inayofidia fedha zikiibwa na mfanyakazi, huja na masharti yake. Kampuni ya ulinzi inayolinda benki hubanwa na benki yenyewe. Zaidi ya hapo, meneja wa ajira ana faili 400 mezani na nafasi tatu. Anatafuta sababu ya kupunguza, na rekodi ya jinai ni sababu ambayo hakuna bosi atakayemlaumu kwayo. Akimwajiri mwenye rekodi na mambo yakaharibika, ataulizwa yeye. Akimkataa aliyefaa, hakuna atakayejua. Huo ndio mzani anaoutumia, na hautarekebishwa kwa kumhubiria huruma.

Waliopima jambo hili kwa makini zaidi ni Wamarekani, kwa kuwa kwao ni tatizo la taifa zima: zaidi ya watu milioni 70 wana rekodi ya aina fulani. Mwaka 2001 mwanasosholojia Devah Pager aliwatuma vijana wanne kutafuta kazi katika mji wa Milwaukee, Weupe wawili na Weusi wawili. Walifanana kwa elimu na kwa maneno, na katika kila jozi mmoja alijitambulisha kuwa amefungwa kwa kosa la dawa za kulevya. Walibadilishana zamu ya kuwa mfungwa ili tabia ya mtu isiharibu kipimo. Walifika kwa waajiri 350. Mweupe asiye na rekodi aliitwa tena kwa asilimia 34 ya maombi yake, na mwenye rekodi asilimia 17. Mweusi asiye na rekodi aliitwa asilimia 14, na mwenye rekodi asilimia 5. Zitazame tena namba hizo. Mweupe aliyetoka jela aliitwa zaidi ya Mweusi ambaye hakuwahi kuiona.

Wanaharakati, wengi wao wakiwa wafungwa wa zamani, walikuwa na dawa. Fomu nyingi za kazi Marekani zilikuwa na kisanduku cha kutia alama: je, umewahi kupatikana na hatia? Wakadai kiondolewe. Mwajiri asiulize mwanzoni. Amwone mtu kwanza, amsikilize, ndipo aulize mwishoni. Jimbo la Hawaii lilikuwa limetangulia kutunga sheria ya namna hiyo mwaka 1998. Baadaye zaidi ya majimbo 35 yalifuata, angalau kwa ajira za serikali, na tangu Desemba 2021 idara za serikali kuu na wakandarasi wake hawaruhusiwi kuuliza mpaka wawe wameshamwahidi mtu kazi.

Dawa hiyo ilikuwa na madhara ambayo hayakutarajiwa. Watafiti wawili, Amanda Agan na Sonja Starr, walituma maombi ya kazi ya kubuni yapatayo 15,000 huko New Jersey na jijini New York, kabla na baada ya kisanduku kupigwa marufuku. Walithibitisha kwanza kwamba kisanduku kilikuwa kikiumiza: palipokuwa na swali hilo, asiye na rekodi aliitwa kwa asilimia 63 zaidi ya aliye nayo. Kisha wakaangalia majina. Kwa waajiri waliokuwa na kisanduku, mwenye jina la Kizungu alikuwa akiitwa asilimia 7 zaidi ya mwenye jina la Weusi. Kisanduku kilipoondoka, tofauti hiyo ilifika asilimia 43. Mwajiri aliyenyimwa habari alianza kubahatisha, na alibahatisha kwa rangi. Jennifer Doleac na Benjamin Hansen nao walikuta kwamba ajira za vijana Weusi wasio na shahada zilipungua kwa karibu asilimia 5 mahali sheria hizo zilipopita. Wapo watafiti waliopata matokeo ya kutia moyo zaidi, hasa katika kazi za serikali, ambako sheria hufuatwa na uamuzi hautegemei hofu ya mwenye duka. Lakini onyo limebaki palepale.

Sisi tunaweza kulisoma onyo hilo bila mkalimani. Mwondolee mwajiri wa Mombasa cheti cha tabia njema leo, halafu mpe barua mbili, moja ikiwa na anwani ya Nyali na nyingine ya Kisauni. Nairobi, weka Mathare kando ya Kilimani. Atatazama mtaa, jina, kabila, chale ya mkononi. Kijana wa Kisauni ambaye hajawahi kukanyaga kituo cha polisi anakihitaji cheti kile kuliko mtu yeyote, kwa sababu ndicho kitu pekee kinachomtenga na picha iliyomo kichwani mwa mwajiri. Ndiyo maana siungi mkono wanaotaka cheti kifutwe kabisa. Nashindwa kuona namna kufutwa kwake kungemsaidia kijana huyo.

Kinachohitaji kutengenezwa ni namna ya kukisoma, na hapo kuna kesi ya zamani inayofaa kujulikana. Mwaka 1970 kijana mmoja Mweusi aliomba ukarani katika kampuni ya reli ya Missouri Pacific, mjini St. Louis. Kampuni ilikuwa na kanuni ya kumkataa yeyote mwenye hukumu yoyote, isipokuwa ya makosa madogo ya barabarani. Kosa la kijana huyu lilikuwa kukataa kuandikishwa jeshini wakati wa vita vya Vietnam. Mwaka 1975 mahakama ya rufani iliitupa kanuni hiyo, na kutokana na kesi hiyo yalipatikana maswali matatu ambayo tume ya usawa kazini ya Marekani iliyatumia kwa miaka mingi: kosa lilikuwa la namna gani na lina uzito gani, umepita muda gani, na kazi yenyewe ni ya namna gani. Aliyeghushi hundi asipewe funguo za sefu. Kumnyima uselemala ni ujinga. Aliyemdhuru mtoto asikaribie chekechea hata baada ya miaka 30. Aliyepigana baa akiwa na miaka 19, na sasa ana 33 na watoto wawili, mpe stoo yake.

Maswali mawili kati ya hayo mwajiri mwenye akili anaweza kuyajibu mwenyewe. Lile la muda linahitaji msaada, na msaada upo. Alfred Blumstein na Kiminori Nakamura walifuatilia watu waliokamatwa kwa mara ya kwanza katika jimbo la New York mwaka 1980, wakauliza: ni baada ya miaka mingapi bila kosa jipya ambapo mtu huyu hana hatari zaidi ya jirani yake wa umri uleule? Kwa aliyekamatwa na miaka 18 kwa unyang'anyi, ilikuwa miaka 7 na miezi kadhaa. Kwa aliyevunja nyumba, chini ya miaka minne. Baada ya hapo, rekodi haimwambii mwajiri lolote kuhusu kesho. Jeshi la Marekani nalo lilipowaandikisha watu waliokuwa na makosa makubwa, baada ya kumkagua kila mmoja peke yake, watafiti walikuta kwamba hawakufukuzwa kwa utovu wa nidhamu kuliko wenzao, na walipandishwa vyeo upesi zaidi.

Waingereza walilifanya jambo hilo kuwa sheria zamani. Tangu 1974 wana sheria inayosema kwamba hukumu nyingi, baada ya muda fulani bila kosa jipya, huhesabiwa kuwa zimekwisha, na mtu ana haki ya kujibu hapana akiulizwa. Tangu Oktoba 2023 vipindi vimefupishwa: kifungo kisichozidi mwaka mmoja huisha miezi 12 baada ya adhabu kumalizika, cha zaidi ya mwaka mpaka minne, baada ya miaka minne, cha zaidi ya hapo, baada ya miaka saba, ukiondoa makosa mazito ya ukatili, ya ngono na ya ugaidi. Kazi za watoto na wagonjwa zina ukaguzi wake wa ndani zaidi. Na mwaka 2024 waziri mkuu mpya alimteua kuwa waziri wa magereza James Timpson, ambaye familia yake inamiliki maduka ya kutengeneza viatu na kuchonga funguo, na karibu mfanyakazi mmoja kati ya kumi katika maduka hayo ametoka gerezani. Ndiyo, wanachonga funguo za nyumba za watu.

Kanuni ya Adhabu ya Kenya ililetwa na Waingereza hao mwaka 1930. Makosa yao tuliyarithi yote. Walipotunga sheria ya kusahau, miaka 11 baada ya uhuru wetu, hatukuiiga. Mkenya anayetaka kuondolewa doa hana njia pana zaidi ya ombi la msamaha wa Rais chini ya Ibara ya 133, mlango mwembamba uliowekwa kwa ajili ya mambo makubwa. Watoto angalau wana nafuu: sheria yao inakataza hata kutumia maneno ya kumtia mtoto hatiani. Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza ubaguzi wa rangi, jinsia, lugha, dini, kabila, ulemavu, ujauzito, hali ya virusi vya ukimwi na mengineyo. Rekodi ya jinai haimo kwenye orodha. Sheria hiyohiyo inamruhusu mwajiri kumwachisha kazi mara moja mtu aliyekamatwa kwa kosa la kufungwa jela asipotoka kwa dhamana ndani ya siku 14. Asiye na pesa ya dhamana hupoteza kazi kabla hajapatikana na hatia.

Mwaka 2022 Bunge lilipiga hatua moja nzuri. Lilirekebisha Sheria ya Ajira ili mwajiri asidai vyeti vya kuidhinishwa, cha tabia njema kikiwemo, mpaka awe na nia ya kumpa mwombaji mkataba wa kazi. Ni sheria ya Hawaii kwa sura ya Kikenya. Tatizo ni kwamba matangazo mengi ya kazi bado yanakidai cheti siku ya kutuma maombi, na sijaona anayeadhibiwa. Tatizo kubwa zaidi ni kwamba sheria imemwambia mwajiri aulize lini. Haikumwambia aulize mpaka lini. Anaweza kungoja vizuri, akamwahidi mtu kazi, kisha akaiondoa ahadi kwa ajili ya faini ya mwaka 2006.

Afrika Kusini kisa cha namna hiyo kilifika mahakamani. Mwaka 2024 Mahakama ya Kazi iliamua kwamba kampuni iliyofuta ajira iliyokwisha kumpa mtu, kwa hukumu za takriban miaka 20 nyuma zisizohusiana na kazi yenyewe, ilimbagua isivyo haki. Sheria yao ya usawa, kama yetu, haitaji rekodi ya jinai. Ila ina kifungu kinachokataza ubaguzi kwa sababu nyingine yoyote isiyo na msingi, na jaji akamwingiza mtu huyo humo. Mawakili wetu wa kazi wangeweza kujaribu njia hiyo kwa Ibara ya 27 ya Katiba, ambayo orodha yake ya misingi ya ubaguzi imeachwa wazi.

Lakini kungoja jaji mmoja mmoja ni safari ndefu, na njia ya kuomba msamaha nayo ina kasoro yake. Katika jimbo la Michigan, ambako wakati wa utafiti mtu alilazimika kuomba mwenyewe rekodi yake ifutwe, watafiti walikuta kwamba kati ya waliostahili, asilimia 6.5 tu walikuwa wamefutiwa ndani ya miaka mitano. Wengine hawakujua, hawakuwa na nauli, au hawakutaka kuiona mahakama tena. Ndiyo maana Pennsylvania, mwaka 2018, iliamua makosa madogo ya zamani yafungwe yenyewe kwa kompyuta bila mtu kuomba. DCI tayari wana kompyuta na tarehe za hukumu.

Kwa mwombaji mwenye rekodi ninalo neno moja. Usifiche ukishaulizwa baada ya kuahidiwa kazi. Mwajiri ambaye angesamehe ngumi ya mwaka 2011 hasamehi uongo wa juzi, na uongo huo utampa sababu ambayo hakuna mahakama itakayoitengua. Nenda na tarehe, karatasi ya faini na barua ya fundi au mwenye duka uliyemfanyia kazi tangu hapo.

Kwa wabunge, ombi langu halihitaji tume. Jirani yetu Tanzania ameshaandika hesabu hiyo ndani ya Katiba yake: aliyefungwa kwa kosa la utovu wa uaminifu hupoteza sifa ya kugombea ubunge ikiwa alihukumiwa ndani ya miaka mitano kabla ya uchaguzi. Chukueni kipindi hichohicho walichojiwekea wanasiasa, mkiandike kwenye Sheria ya Ajira kwa makosa yasiyo ya ukatili wala ya ngono, na mwagizeni DCI asiyachapishe kwenye cheti yakishatimiza muda. Makanga ameshangoja zaidi ya hapo.